Tabaka la Chini

Kazi ya Thuwaiba katika Jumba la Kanda ilikuwa kuuliza swali moja na kusubiri jibu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: juu au chini? Jibu ndilo lililochelewa. Wapo waliojibu kabla hajamaliza kuuliza, na wapo waliokaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kaseti mapajani, wakilia bila kutoa sauti, naye akawaletea maji na kujifanya ana makaratasi ya kupanga.

Jumatatu aliyoileta kaseti ya kwao, hakujiuliza swali hilo. Aliiweka mezani kwa Hilali, fundi wa mashine, akamwambia ni kitu cha nyumbani tu, aitazame akipata nafasi, na kama imekufa asione haya kusema. Ukweli ni kwamba alikuwa akiomba iwe imekufa. Aliomba tangu alipoteremka ngazi za maghorofa ya maendeleo ya Michenzani nayo mkobani, na alikuwa bado anaomba alipokaa kwenye dawati lake na kumwita mtu wa kwanza.

Mashine ilikuja na jina refu la kitaalamu ambalo halikudumu hata wiki. Watu waliiita Paruo, kwa sababu iliiparua kanda kama kisu kinavyoparua magamba ya samaki changu. Zamani, mtu akirekodi nyumbani juu ya sauti nyingine, redio kaseti yake haikuwa na nguvu ya kuifuta ile ya kwanza sawasawa. Iliifuta juu juu. Chini, ndani ya ule unga wa kutu uliopakwa kwenye utepe, sauti ya mwanzo ilibaki imelala. Paruo iliupasha moto unga huo kidogo kidogo, upana wa unywele, ikasoma kilichomo, na unga ukapukutikia kwenye trei. Kilichopukutika hakirudi. Na mashine iliweza kufuata tabaka moja tu. Jingine lilikwenda na vumbi. Mafundi walishajaribu kuyasoma yote mawili kwa pamoja, wakapata makelele yasiyo ya mtu wala ya mnyama. Ndipo likazaliwa lile swali, na fomu ya kutia saini, na sharti kwamba mwenye kaseti ndiye anayechagua, si karani, si fundi.

Bila shaka kaseti zilizoweza kuchezwa kwa njia ya kawaida hazikufika pale. Zilizofika zilikuwa zimegandamana kwa unyevu na miaka, ukiuvuta utepe unakatika kama mkate mkavu. Hizo zilikuwa na safari moja tu iliyobaki.

Hilali alimwita baada ya sala ya adhuhuri. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, wakinywa kahawa kwa kashata saa nne kila siku, na Thuwaiba hakuwahi kumkuta fundi yule ameketi wakati taa ya kukagulia inawaka. Siku hiyo alikuwa ameketi. Taa ile huonyesha umbo la tabaka la juu peke yake, milima na mabonde yake, bila sauti. Mwanzoni palikuwa na dakika nne za mtu akizungumza. Kisha umbo likabadilika, likawa mistari iliyobanana, imepangika kama meno ya chanuo.

"Huu ni mlio wa kompyuta," Hilali alisema. "Na huyu kabla yake ni mwanamke. Dada, hiki ni kipindi cha Bibi Pweza."

Thuwaiba alijua. Alikijua kipindi kile kuliko alivyokijua Hilali, maana yeye alikiona.

Kilikuja kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Bibi Pweza alikuwa soksi ya kijani iliyoshindiliwa sufi, ana macho ya vifungo vya koti na mikono minane, na kila mkono ulikuwa na jambo lake la kufundisha: kusoma, hesabu, usafi, mambo ya nyota. Mwishoni alisema kwaheri, skrini ikabaki na picha ya mawimbi, na televisheni ikapiga mlio mkali kwa dakika nzima. Wazee walikimbia kupunguza sauti. Watoto wenye kompyuta waliwazuia, kwa sababu mlio ule ulikuwa programu. Ukiweka redio kaseti karibu na televisheni na kuurekodi, kisha ukaulisha kwenye kompyuta yako, baada ya muda unapata mchezo wa hesabu, au pweza wa vidoti anayekuuliza saba mara sita. Mtaani kwao kompyuta zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kina Thuwaiba. Baba yao aliinunua Maskati alikokuwa akifanya kazi, kidude cheusi chenye vibonye vya mpira vilivyonata vidoleni, na jioni za Alhamisi sebule yao ilijaa watoto mpaka mlangoni.

Aliyekuwa ndani ya soksi, mkono wake na sauti yake, aliitwa Mwalimu Salhina. Alifariki kwa uzazi wa mtoto wake wa pili, wa kwanza akiwa na umri wa miezi kumi na minne. Kituo kilikuwa na uhaba wa kanda, kikarekodi mambo mengine juu ya vipindi vyake vyote, ukabaki ukurasa mmoja wa orodha. Yule mtoto wa kwanza ndiye Hilali.

Kila mtu kazini aliijua habari hiyo, kwani Hilali hakuificha. Alijifunza ufundi wa Paruo kwa ajili hiyo tu. Akikutana na mtu wa umri wa Thuwaiba, sokoni au msibani, humuuliza kama alikuwa akimtazama Bibi Pweza, na kama anaweza kumwigiza. Muuza samaki alimwigizia kwa sauti nene. Daktari wa meno alimwigizia kwa sauti nyembamba, ya kujivuta. Thuwaiba naye alijaribu mwaka wa kwanza, akaona haya katikati. Watu arobaini wamekwisha kumwigizia mama yake kwa sauti arobaini, na yeye amekaa nazo zote bila kujua ipi inakaribia.

"Ni ya mwezi gani?" aliuliza sasa.

Thuwaiba aliutaja mwezi. Alitaja na tarehe, maana hakuwahi kuisahau.

Hilali alihesabu kwa vidole. "Basi nilikuwamo tumboni," alisema. Kisha akaizima taa, akafuta uso kwa kiganja, akarudi kuwa fundi. Alisema kuna kitu chini yake, dalili zinaonyesha, ila ni dhaifu, na katika kaseti za aina hii tabaka la chini hutoka tatu tu kwa kumi. Hakumwomba chochote. Aliuliza mwenye kaseti ni nani, ili fomu iandikwe.

"Mama," Thuwaiba alisema.

*

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Thuwaiba ilikuwa imekwenda miaka hamsini na mitatu na ilikuwa bado inaendelea, kwa hiyo nao wahenga wana siku zao.

Mama yake, Bi Arafa, alikuwa na miaka themanini na minne na alikaa ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ile ile. Mafundi walikuja kuziba ufa wa dari, wakateremsha vitu vya juu ya kabati, na ndani ya boksi la ile kompyuta ya zamani akaikuta kaseti yenye mwandiko wake mwenyewe: *Kwa Baba Thuwaiba.* Aliibusu. Akampigia simu binti yake kazini, kitu asichokifanya hata akiumwa, akamwambia sauti ya Makame imepatikana, na kwa kuwa yeye ndiye anayefanya kazi kwenye mashine, aje aichukue amrudishie yeye mwanawe.

Makame alikuwa mdogo wake Thuwaiba. Alikuwa na miaka sita.

Zamani hizo barua za Maskati zilikwenda kwa kaseti. Simu ilikuwa ghali na kalamu ilikuwa na haya, lakini mbele ya redio kaseti kila mtu alikuwa na la kusema: mama anaomba, shangazi anashtaki, watoto wanatuma salamu na kutaka viatu. Kaseti ikijaa anapewa msafiri. Ile ilikuwa imeanza na Makame. Alisema yake kwanza, kwa kuwa alililia zamu, na Bi Arafa akaiweka juu ya televisheni aje aongeze yake atakapomaliza kazi za nyumba. Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Thuwaiba, miaka tisa, hakuwa na kaseti tupu. Mama alikwishavunja vile vimeno vya nyuma vinavyoruhusu kurekodi, ili barua isiharibiwe; siku ya kuongeza yake angeviziba vitundu kwa karatasi. Thuwaiba alitafuna karatasi ya daftari, akaziba vitundu, akabonyeza.

Mama alipoitafuta kaseti yake, Thuwaiba alisema amekwisha kuipeleka kwa Mzee Mbarouk, jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuwa anasafiri Jumamosi. Alidhani watarekodi nyingine. Wiki iliyofuata Makame alishikwa na malaria, ikampanda kichwani, na siku ya tatu wakamzika. Baba alirudi amechelewa mazishi. Jambo la kwanza aliloliuliza, baada ya kaburi, ni ile kaseti ambayo hakuipata.

Mzee Mbarouk aliapa kwamba hakupewa. Aliapa mbele ya watu, kisha akaapa msikitini. Bi Arafa alimwambia ameiuza sauti ya mwanawe kwa bei ya kaseti, na tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikupelekeana hata sahani ya futari. Mbarouk alikufa hivyo, na mkewe baada yake. Thuwaiba aliyaona yote, akiwa na miaka tisa, kisha ishirini, kisha arobaini, na kila mwaka ulivyopita neno lenyewe lilizidi kuwa zito kulitamka.

Jioni ile alilitamka. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama yake na akalisema tangu mwanzo, karatasi na vitundu na Mbarouk, bila kujitetea. Alieleza na habari ya matabaka, na ya Hilali: kwamba juu yake kuna mama wa mtu, amekamilika, na kwamba chini yake huenda hakuna kitu.

Chini barabarani watu waliuza maembe na kubishana juu ya mpira.

"Mbarouk nilimnyima mkono," Bi Arafa alisema hatimaye. "Aliporudi safari alikuja kunipa pole ya mwanangu, nikamnyima mkono."

"Mama, nisamehe."

"We nitakusamehe, ulikuwa mtoto. Mimi nani atanisamehe? Mimi sikuwa mtoto."

Thuwaiba alilia. Mama yake hakulia. Alikuwa akiitazama mikono yake kana kwamba ni mipya. Baadaye aliuliza kama huyo Hilali ana watoto. Aliambiwa anao wawili. Aliuliza kama anamjua mama yake japo kwa picha. Aliambiwa ipo moja, ila uso wake umefichwa na soksi.

"Maskini," alisema. "Namwonea huruma, wallahi namwonea. Lakini sikumzaa mimi. Nataka mwanangu, Thuwaiba. Hata kama hayupo, nataka niende mpaka chini nimkose huko huko."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Bi Arafa alitia saini mahali palipoandikwa CHINI. Alitia kwa herufi kubwa, taratibu, akamrudishia Hilali kalamu kwa mikono miwili. Sheria ya Jumba iliwataka wenye kaseti wakae chumba cha nje, mbele ya kioo, na spika yao. Ndani waliingia fundi na karani, karani awe shahidi.

Hilali aliupachika utepe kwa koleo, polepole, kama alivyofanya kwa kaseti elfu nyingine. Aliwasha moto. Akaweka kidole kwenye swichi ya tabaka, na kidole kikakaa pale. Thuwaiba, aliyesimama nyuma yake, aliona swichi imeelekea JUU.

Spika ya nje ilikuwa bado imefungwa. Hilali hakugeuka.

"Dada," alisema. "Tumwambie palikuwa patupu. Saba kwa kumi huwa patupu. Hatoshangaa."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno. Hapakuhitajika hata uongo wa Thuwaiba; palihitajika kimya chake tu, na katika kunyamaza alikuwa hodari. Mama alikwishazoea kukosa. Huenda kweli chini pasingekuwa na kitu, na watakuwa wameunguza sauti ya mwanamke yule kwa ajili ya mikwaruzo. Na huyu hapa, anayempenda kama mdogo wake, hajapata kuomba kitu miaka kumi na mmoja isipokuwa kashata ya pili. Alitaka kumpa. Asikudanganye mtu kwamba hakutaka.

Nje ya kioo Bi Arafa alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, amevaa buibui yake ya sikukuu.

"Nimekwisha kumdanganya mama yangu kwa kaseti hii hii," Thuwaiba alisema. "Siwezi mara ya pili. Igeuze, Hilali."

Alidhani atakataa. Alidhani atamwambia neno ambalo lingekuwa haki yake kulisema. Hilali alivuta pumzi mara mbili, kisha akaipindua swichi mwenyewe, akafungua spika, akabonyeza.

Unga ulianza kupukutika. Ulikuwa wa rangi ya kahawa, mwembamba, haukuwa na mlio wowote. Dakika ya kwanza ilikuwa mivumo. Ya pili pia. Hilali alikuwa anatazama trei, si skrini. Mwanzoni mwa dakika ya tatu kikasikika kikohozi kidogo, na kitu kikagonga meza, na mtoto akasema kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama wasemavyo watoto wanaodhani Maskati ni mbali kwa hiyo wapige kelele:

"Baba, hujambo? Mimi sijambo. Baba, jino langu limeng'oka. Mama kasema nilitupe juu ya bati, lakini sisi tunakaa ghorofani, hatuna bati. Nimelificha. Ukija n'takupa wewe."

Kisha msichana nyuma yake akasema basi, zamu yangu, na mivumo ikarudi mpaka mwisho.

Bi Arafa hakupiga ukelele. Alisogea mbele mpaka paji la uso likagusa kioo, akabaki hivyo. Baadaye aliinua kidole kimoja. Hilali alielewa. Sauti sasa ilikuwa imehifadhiwa na ingeweza kurudiwa hata mara elfu, kwa hiyo aliirudia. Baba, hujambo. Aliirudia ya tatu, na ya nne. Lile jino lilikuwa wapi, hakuna aliyejua. Halikupatikana katika nguo zake wala chini ya godoro, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Thuwaiba aliegemea ukuta, amejifunika uso kwa mtandio, na akasikia kwa mara ya tano jinsi alivyomsukuma mdogo wake kutoka kwenye maikrofoni.

Kwenye trei vumbi lilikuwa limejaa kiasi cha kijiko cha chai. Hilali alikuwa ameweka kiganja juu yake, karibu, bila kuligusa.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Uliirekodi mwenyewe siku ile. Ulikuwa umekaa karibu na televisheni."

"Karibu kabisa."

"Zile dakika nne kabla ya mlio. Alikuwa anasema nini?"

Thuwaiba alifungua kinywa. Maneno ya Bibi Pweza alikuwa nayo mengi, ya Alhamisi nyingine na nyingine, yangetosha kumjengea dakika nne nzuri, na Hilali angeyachukua akaondoka nayo mpaka kaburini. Alimtazama usoni, akayaacha.

"Sikumsikiliza, Hilali," alisema. "Nilikuwa nasubiri anyamaze, mlio uanze."

Hilali aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kidogo kidogo. Nje ya kioo Bi Arafa aliinua kidole tena, na Hilali akairudia.